Kufuata Maji Kutoka Kitulo Hadi Ruaha: Mwongozo Kamili wa Kutembelea Hifadhi za Nyanda za Juu Kusini

Kila Desemba mabasi ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa, Njombe na Mbeya hujaa watu wanaorudi nyumbani kwa sikukuu. Wanapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, kilomita kama 50 za lami zenye twiga na pundamilia dirishani. Wanaupanda mlima Kitonga, wanaipita Iringa, Makambako na Chimala, halafu Mbeya hiyo. Njia nzima wamepishana na mandhari ambazo watu huvuka bahari kuja kuziona, na wengi wao hawajawahi kushuka hata mara moja. Ukimuuliza mtu wa Uyole, Mbeya, habari za Kitulo atakuambia ameisikia. Ukimuuliza mtu wa Ipogolo, Iringa, habari za Ruaha, mara nyingi atakuambia zile ni sehemu za wazungu.

Si za wazungu. Mtanzania analipa kiingilio kwa shilingi, kwa kiwango kilicho chini sana kuliko cha mgeni. Kinachokosekana ni mtu wa kukueleza uanzie wapi, mwezi gani, kwa barabara ipi, na ukifika ufanye nini. Hayo ndiyo nitakayoeleza hapa.

Nashauri uzione hifadhi hizi kwa kufuata maji. Mvua inayonyesha juu ya maua ya Kitulo na milima ya Poroto na Kipengere huteremka kwenye bonde la Usangu, hutulia kwenye kinamasi cha Ihefu, kisha hutoka ikiwa Mto Ruaha Mkuu unaowanywesha tembo na simba wa Hifadhi ya Ruaha. Baada ya hapo maji hayo huingia bwawa la Mtera, hupita lile la Kidatu, hujiunga na Mto Rufiji. Ukiyashika mawazo haya tangu mwanzo, Kitulo na Ruaha hazitakuwa tena sehemu mbili zisizohusiana. Utaona bonde moja lenye vichwa viwili, kimoja cha baridi na kingine cha joto.

Hatua ya kwanza: anza na kalenda

Kabla hujauliza bei ya gari, amua mwezi. Kanda hii ina msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na milimani mvua hujivuta hadi Mei. Baada ya hapo ni kiangazi. Tatizo ni kwamba Kitulo na Ruaha zinataka nyakati zinazopingana.

Kitulo ni ya masika. Maua huanza kuchanua mwishoni mwa Novemba na kuendelea hadi Aprili, na uwanda hubadilika rangi wiki kwa wiki kadiri aina moja inavyonyauka na nyingine kuchipuka. Ukienda Agosti utakuta nyasi zilizokauka na upepo mkali. Juni na Julai umande huganda alfajiri. Hata wakati huo pana uzuri wake, lakini ukienda kwa ajili ya maua utarudi umevunjika moyo.

Ruaha ni ya kiangazi. Kuanzia Juni hadi Oktoba nyasi hupungua, vidimbwi vya porini hukauka, na wanyama hulazimika kusogea mtoni. Machi utaikuta ya kijani, ina ndege wengi wakiwamo wahamiaji, lakini wanyama wametawanyika, nyasi zimewaficha, na barabara nyingine za udongo mweusi hazipitiki.

Bahati nzuri, likizo zetu mbili zinalingana na misimu hii miwili. Likizo ya Desemba, unapokuwa tayari umerudi nyumbani, mpe nafasi Kitulo. Likizo ya Juni na Julai, shule zikiwa zimefungwa, nenda Ruaha na watoto. Kama kazi yako inakuruhusu kuchagua upendavyo, mimi ningechukua Februari kwa Kitulo na Septemba kwa Ruaha. Kuziunganisha katika safari moja kunawezekana mwanzoni mwa Desemba, kabla mvua haijakolea kule bondeni na maua ya kwanza yakiwa yametoka kule juu, ila ujue unapata nusu ya kila kimoja. Ni afadhali safari mbili fupi.

Hatua ya pili: fedha na vibali

Hifadhi za Taifa, yaani Ruaha, Kitulo, Udzungwa na Mikumi, ziko chini ya TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa. Misitu kama ya Mlima Rungwe na Ziwa Ngozi iko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Hizi ni taasisi mbili tofauti, na tiketi ya moja haikuingizi kwa nyingine.

Getini hawapokei fedha taslimu. Unapewa kontrol namba, unalipa kwa simu au benki. Kwa hiyo weka salio la kutosha kwenye simu ukiwa bado mjini, kwa sababu huko mbele mtandao hukatika na wakala yuko mbali. Beba kitambulisho cha NIDA kwa kila mtu mzima; bila uthibitisho wa uraia unaweza kudaiwa kiwango cha mgeni. Ada hubadilika, hivyo chukua bei ya mwaka huu kwenye tovuti ya TANAPA au piga simu ofisi ya hifadhi husika kabla ya kupanga bajeti. Mbali na kiingilio kuna ada ya gari, ya mwongozaji ukitembea kwa miguu, na ya malazi au kambi ukilala ndani.

Jambo moja linaokoa fedha: kibali cha kuingia cha anayelala ndani ya hifadhi huhesabiwa kwa saa 24. Ukiingia Ruaha saa nane mchana na kulala ndani, unapata jioni nzima na alfajiri nzima, na hizo ndizo saa ambazo wanyama na mwanga viko bora. Ukiingia asubuhi na kutoka jioni umelipia siku hiyohiyo, ila umetumia sehemu kubwa yake kwenye jua kali la mchana wakati hata simba wamelala.

Kitulo, Bustani ya Mungu

Wenyeji waliiita Bustani ya Mungu muda mrefu kabla haijawa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Ina kilomita za mraba 412.9, juu ya uwanda wa mita kama 2,600 kutoka usawa wa bahari, ukizungukwa na milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone. Ni hifadhi ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Zimeorodheshwa aina zaidi ya 350 za mimea, zikiwamo aina 45 za okidi zinazoota ardhini.

Njia ni tatu. Ya kwanza inaanzia Chimala kwenye barabara kuu ya Mbeya, inapanda ukuta wa bonde hadi Matamba, yaliko makao makuu ya hifadhi. Watu wa huku wanaiita Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake. Ni barabara ya kupanda taratibu, gia ndogo, huku Usangu yote imetandazwa chini yako. Kila baada ya kona chache tafuta pa kusimama utazame ulikotoka. Mvua ikiwa imenyesha usiku, usiipande bila gari la fowili na dereva anayeijua. Njia ya pili ni ya kutokea Mbeya: Uyole, kisha barabara ya Tukuyu hadi Isyonje, hapo unakunja kushoto kupanda uwandani kupitia mashamba ya viazi na pareto. Ya tatu inafaa kwa anayetokea Njombe, kwa lami hadi Makete kisha unapanda kuelekea Kitulo. Mimi napenda kupandia Chimala na kushukia Isyonje, kwa sababu unauona uwanda wote na hurudii njia.

Kama huna gari, panda basi lolote linalopita Chimala, kisha uliza magari ya Matamba. Huondoka yakijaa, kwa hiyo fika asubuhi. Matamba kuna nyumba za wageni za kawaida na viazi vizuri kuliko vyote utakavyokula mwaka huo. Ukifika jioni, nenda ofisi ya hifadhi siku hiyohiyo, mpange na mwongozaji muda wa kuanza kesho.

Anzeni mapema, saa moja asubuhi ikiwezekana. Masika mvua huwa na desturi ya kuja mchana, na ukungu unaweza kufunika uwanda mzima ndani ya dakika chache. Asubuhi ndipo unapata anga safi na umande juu ya petali.

Kitulo haina makundi ya tembo wala simba wa kukuzuia kushuka garini. Hapa unatembea, na uzuri wake unaupata kwa miguu. Kwa mbali uwanda unaonekana kama majani ya kawaida yenye madoa ya njano, meupe na zambarau. Piga magoti. Okidi nyingi za hapa ni ndogo, nyingine hazizidi kiganja kwa urefu, na kila moja ina umbo lake: ndimi, pembe, vidole, mabawa. Kando ya vijito utaona maua marefu yaliyosimama kama mienge, chini njano juu nyekundu, na lobelia kubwa zinazompita mtu mzima kimo. Kwenye miteremko kuna protea na shubiri. Mwambie mwongozaji akupeleke bonde la Numbi na kwenye maporomoko yaliyo jirani. Na kama miguu yako ina nguvu, muulize kuhusu Mlima Mtorwi, wenye mita 2,961.

Kwa wapenda ndege, angalieni tandawala wanaotembea kwa madaha kwenye nyasi fupi, na mbayuwayu wa buluu, ndege adimu duniani, anayekuja kutaga hapa wakati wa mvua.

Usichume ua hata moja, na usiruhusu mtoto achume. Hifadhi hii ilianzishwa kwa sababu viazi vya okidi vilikuwa vinachimbwa kwa magunia na kusafirishwa Zambia, ambako hutengenezwa chakula kinachoitwa chikanda. Okidi haizaliani haraka. Ikichimbwa kiazi chake, imekwenda.

Jambo la kiafya: mita 2,600 ni juu kweli. Ukitoka Dar es Salaam moja kwa moja utachoka upesi na kichwa kinaweza kuuma. Kunywa maji, tembea polepole, na kama una shinikizo la damu au pumu, zungumza na daktari kabla ya safari.

Ukishukia Isyonje: Ngozi na Rungwe

Hizi si hifadhi za taifa, lakini ni dhambi kupita bila kuzigusa. Barabara ya Tukuyu kuanzia Uyole inapanda milima ya Poroto, na eneo la Isongole ndipo unapopata waongozaji wa Ziwa Ngozi. Hili ni ziwa lililojaa ndani ya shimo la volkano, lina urefu wa kilomita kama mbili na nusu. Unatembea kwanza kwenye mashamba, kisha msitu mnene wenye migomba pori na mianzi, na mwisho unapanda mteremko mkali hadi ukingoni. Ghafla msitu unaachia, na maji yako mbali chini, kijani iliyokolea, yamezungukwa na kuta za miti pande zote. Kushuka hadi majini ni hatari na si lazima. Picha nzuri iko ukingoni. Masika njia inateleza sana, vaa viatu vyenye meno, na muulize mwongozaji masimulizi ya ziwa mkiwa mmekaa pale juu. Kila mzee wa huko ana lake.

Mlima Rungwe, mita 2,960, unataka siku nzima na mapafu. Katika misitu ya Rungwe na Livingstone ndipo anapoishi kipunji, kima mwenye manyoya marefu ya kahawia ambaye wawindaji wa Kinyakyusa walimjua kwa jina, lakini wanasayansi walimtambua mwaka 2003 tu na kumtangaza 2005. Kumwona ni bahati, kwa sababu ni mwoga na ni wachache mno waliobaki. Nenda kwa ajili ya msitu, na akitokea umshukuru Mungu.

Ukiwa na siku ya ziada, ongeza Daraja la Mungu kwenye Mto Kiwira, au maporomoko ya Kaporogwe kusini ya Tukuyu.

Kuteremka Usangu

Kati ya Chimala na Igawa dirisha la basi linaonyesha mashamba ya mpunga hadi macho yanapokoma. Ni maji yaleyale ya Kitulo na Poroto. Mchele wa Mbarali, wilaya ya bonde hili, unalisha miji mingi ya nchi hii na hakuna mwenye haki ya kumdharau mkulima wake. Lakini tangu mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukiacha kutiririka ndani ya hifadhi kila kiangazi, na kilimo cha umwagiliaji cha huku juu ni sehemu kubwa ya sababu. Mwaka 2008 bonde la Usangu na kinamasi chake cha Ihefu viliunganishwa na Hifadhi ya Ruaha ili kuulinda mto. Tazama mifereji hiyo ukipita. Ukifika kwenye kitanda cha mchanga kule Ruaha utaelewa unachokiona.

Ruaha

Ruaha ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1964. Baada ya kuongezewa Usangu ilikuwa kubwa kuliko zote nchini, hadi Hifadhi ya Nyerere ilipoanzishwa 2019. Leo ina karibu kilomita za mraba 20,000. Ukubwa huo una maana kwa mgeni: hata Septemba, wakati wa msimu wenyewe, unaweza kukaa na kundi la tembo saa nzima bila gari lingine kutokea.

Kutoka Iringa hadi Msembe, makao makuu yaliyo ndani ya hifadhi, ni takriban kilomita 130. Unatoka mjini kwa barabara ya Kalenga. Simama hapo Kalenga kwenye makumbusho ya Mkwawa, chifu wa Wahehe, ambamo limehifadhiwa fuvu lake lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Nusu saa inatosha, na watoto watajua wanatembea ardhi ya nani. Baada ya hapo ni Kidamali, Mloa, na mbele barabara inagawanyika: mkono mmoja unakwenda moja kwa moja, mwingine unapitia Idodi na Tungamalenga. Zinakutana tena kabla ya geti. Pita Tungamalenga, kwa sababu huko kuna kambi na nyumba za wageni za bei nafuu, maduka, na watu wa kukuambia hali ya barabara. Sehemu ambayo haijawekwa lami ina vumbi na makorongo madogo, hivyo hesabu saa tatu bila haraka. Jaza mafuta Iringa. Hakikisha una tairi la akiba lililojaa upepo, si la kuonyesha trafiki tu.

Asiye na gari ana njia mbili. Apande basi la Iringa hadi Tungamalenga, akodi gari la kuingilia hifadhini kupitia kambi anayolala. Au mkusanyike watu wanne, watano, mkodi gari moja kutoka Iringa mjini na kugawana. Njia hii ya pili ndiyo inayofaa familia. Kubalianeni mapema na dereva, kwa maandishi hata kama ni ujumbe wa simu, nani analipa mafuta, ada ya gari na malazi yake.

Mageti hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa, na kwa kweli ukitaka kuona kitu nenda 20. Ukivuka daraja la Ibuguziwa, simama kidogo: viboko wako chini, na mamba wamejilaza kwenye mchanga kama magogo.

Sasa namna ya kutazama. Watu wengi huingia hifadhini na orodha kichwani: simba, tembo, chui, turudi. Hiyo inachosha na mara nyingi haikupi hata hao simba. Fanya hivi. Alfajiri fuata barabara zinazoandamana na mto, polepole, vioo chini. Ukiona maji au unyevu, egesha mahali panaporuhusiwa, zima injini, kaa dakika ishirini. Usiongee kwa sauti. Wanyama waliokuwa wamesimama kuisikiliza gari yako wataanza kuendelea na shughuli zao. Swala pala watashuka kunywa, nyuma yao twiga, halafu pundamilia wakisukumana. Na ukiona swala pala wote wamegeuza vichwa upande mmoja na kuganda, nawe geuza kichwa huko.

Mto Mwagusi wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu. Hapo ndipo utakapowakuta tembo wakichimba visima kwa miguu na mikonga, wakisubiri maji yachuje, wakinywa kwa zamu kuanzia wakubwa. Wakiondoka, nyani na ndege hukimbilia visima hivyo. Simba wanalijua hilo, hivyo angalia kwa makini kivuli cha kingo za korongo. Ruaha ni miongoni mwa maeneo yenye simba wengi zaidi Afrika, na pia ni moja ya ngome za mwisho za mbwa mwitu, ambao hutembea eneo kubwa sana, kwa hiyo ukiwakuta acha mengine yote ukae nao.

Kinachoifanya Ruaha iwe tofauti na Mikumi au Serengeti ni kwamba hapa miombo ya kusini inakutana na migunga ya mashariki. Ndiyo maana tandala mkubwa na tandala mdogo wote wapo, na swala wakubwa waitwao korongo na palahala pia. Ndege waliorekodiwa wanazidi aina 570. Tandala mkubwa dume, mwenye pembe zilizojizungusha, akisimama chini ya mbuyu saa kumi na moja jioni, ni mnyama ambaye picha haijawahi kumtendea haki.

Mibuyu ni somo peke yake. Mingi ina makovu makubwa shinani, kazi ya tembo wanaobandua magome kutafuta unyevu. Panda kilima chochote chenye barabara inayoruhusiwa uitazame bonde: vichwa vya mibuyu isiyo na majani hadi upeoni, mto wa mchanga katikati, milima ya buluu nyuma. Wakati mzuri ni saa moja kabla ya jua kuzama. Ila piga hesabu ya kurudi kambini, maana giza likikukuta barabarani umevunja sheria na umejiweka hatarini.

Kuhusu tembo: acha nafasi kubwa, usimkate mama na mtoto wake, na akitandaza masikio na kukuelekea, rudi nyuma taratibu. Usipige honi. Usishuke garini nje ya maeneo yaliyowekwa. Ukitaka kutembea kwa miguu, omba kupitia ofisi ya hifadhi upewe askari mwenye silaha. Ni huduma rasmi, na asubuhi moja ya kutembea inakufundisha nyayo, vinyesi na harufu kuliko siku tatu za gari.

Mbung'o, ambao wengine huwaita ndorobo, wapo kwenye maeneo ya miombo. Wanapenda rangi ya buluu iliyokolea na nyeusi, hivyo vaa kaki au rangi ya udongo. Malaria ipo, tofauti na kule Kitulo: lala ndani ya chandarua na vaa mikono mirefu jioni. Oktoba joto ni kali, kila mtu awe na lita tatu za maji kwa siku.

Udzungwa kwa anayetokea Dar es Salaam

Kama unarudi Dar kwa gari lako, kunja Mikumi mjini kwenye barabara ya Ifakara, kilomita kama 65 hadi Mang'ula. Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa 1992, haina barabara za gari ndani. Yote ni miguu na mwongozaji. Njia ya maporomoko ya Sanje inachukua nusu siku, na maji yanaanguka kwa ngazi tatu jumla ya mita kama 170. Chini kuna bwawa la kuogelea. Mbega wekundu wa Udzungwa hawapatikani popote pengine duniani, na mara nyingi utawaona kabla hata hujatoka jasho.

Begi

Kwa Kitulo: sweta zito, koti la mvua, kofia ya kufunika masikio, gambuti au viatu vya kupandia, soksi za akiba. Kwa Ruaha: kofia pana, darubini hata ya bei ndogo, kitambaa cha vumbi, dawa ya mbu. Kote: betri ya akiba ya simu, tochi, dawa zako, na chakula cha mchana, kwa sababu ndani ya Kitulo hakuna mgahawa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Juni 2019. Tumia kikapu, na takataka zako zote urudi nazo mjini.

Mpango wa siku nne wa Desemba, na wa siku nne wa Julai

Desemba, ukiwa Mbeya: siku ya kwanza nenda Chimala, panda Hamsini na Saba, lala Matamba. Siku ya pili tembea Kitulo asubuhi hadi mvua itakapokufukuza, lala hukohuko. Ukipata mwenyeji wa kukukaribisha viazi kando ya moto, usikatae. Siku ya tatu vuka uwanda kwa gari, shukia Isyonje, lala Tukuyu kwenye migomba na chai. Siku ya nne amka mapema upande Ngozi, mchana uko Uyole.

Julai, ukiwa Iringa: siku ya kwanza Isimila asubuhi, kilomita 20 kwenye barabara ya Mbeya, uone nguzo zilizochongwa na mmomonyoko na zana za mawe za watu wa kale, jioni panda jiwe la Gangilonga uutazame mji. Siku ya pili ondoka baada ya chai, pita Kalenga, kula Tungamalenga, ingia hifadhini saa nane, lala Msembe. Siku ya tatu tumia alfajiri yote mtoni na utoke kabla ya saa nane, ulale Tungamalenga; au kama mfuko unaruhusu, lipia siku nyingine ubaki ndani. Siku ya nne rudi Iringa. Mabasi mengi ya safari ndefu huanzia alfajiri, hivyo usipange kuunganisha siku hiyohiyo kwenda Dar. Lala mjini, na kesho yake uwe stendi ya Igumbilo mapema.

Na kama una siku moja tu? Aliyeko Mbeya aende Ngozi. Aliyeko Iringa aunganishe Kalenga na Isimila, aiache Ruaha kwa safari nyingine, kwa sababu kwenda na kurudi siku moja ni saa sita za vumbi kwa saa chache za jua la utosi. Na aliye ndani ya basi asiyeweza kushuka kabisa, akate tiketi ya kiti cha dirishani kwenye basi la mchana, asilale kati ya Mikumi na Kitonga.